Sweta ya Buluu Haikuwa Kwenye Mchezo

Kaloleni,
Nairobi.
Jumapili, 18 Septemba 1983.

Mpendwa mdogo wangu Truphena,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na watoto wote wawili, na Kukhu nyanya yetu, na hata yule ng'ombe mweusi asiyekubali kukamuliwa na mkono mgeni. Je, hamjambo huko Bunyore? Mguu wa Kukhu umepungua kuvimba? Mwambie aendelee kuukanda kwa maji ya chumvi, na aache kujifanya msichana wa kwenda kisimani na ndoo iliyojaa. Mvua imewafikia? Huku kwetu ni vumbi tu, ukianika nguo nyeupe asubuhi unaanua za kahawia.

Sisi tu wazima. Mulama wangu bado yuko zamu ya jioni kwenye karakana ya reli, na Peris alirudi shuleni bwenini salama, ingawa alisahau blanketi ikabidi apelekewe. Mimi mwenyewe sina homa wala kikohozi. Lakini tangu barua yako ilipofika Jumanne, watu nikikutana nao natazama chini. Nina haya, mdogo wangu. Nina haya kiasi kwamba kalamu hii nimeishika mara tatu na kuiweka mara tatu.

Ndani ya kifurushi kuna karatasi mbili. Hii ya kwanza wasomee kina mama wa kikundi chenu cha kuchangiana mabati siku ya Alhamisi, kama ulivyowasomea zile zingine zote, na usiruke hata mstari mmoja kwa kunionea huruma. Ya pili nimeikunja peke yake. Hiyo ni yako tu.

Na zote mbili uzimalize kabla ya Ijumaa tarehe 30, siku ambayo Mwalimu Zedekiah anafunga orodha ya walimu wa chuo cha ufundi. Umeniandikia kwamba umeshamwambia hapana, hutakwenda kufundisha ufumaji, kwa kuwa mwalimu analala huko huko chuoni na wewe unataka mumeo Andati akirudi akukute nyumbani. Nakusihi, usiliache neno hilo likae hivyo mpaka umemaliza kusoma. Ndiyo maana sikukitia kifurushi posta. Mutisya, gadi wa treni na rafiki wa Mulama, atakiacha kifurushi kwa stesheni masta wa Luanda.

Sasa nawageukia kina mama.

Kina mama, hamjambo. Mimi Lenah, ambaye barua zangu mmekuwa mkizisikiliza kila Alhamisi baada ya kuchanga, nimewadanganya. Tangu mwezi wa tano sijautazama mchezo wa televisheni wa Jumatano hata mara moja.

Mnakumbuka tulivyoanza. Mwezi wa kwanza jirani yangu Adoyo alipata televisheni, ile ndogo ya nyeusi na nyeupe, na kwa kuwa safu yetu ya nyumba haina stima, televisheni yenyewe inatumia betri ya gari. Tulipangiana zamu. Kila nyumba inayokuja kutazama ilikuwa na wiki yake ya kuibeba betri mpaka kituo cha petroli cha Jogoo Road ikachajiwe. Jumatano jioni tulikaa kumi na watatu sebuleni kwa Adoyo, wengine kitandani, wengine sakafuni, na njugu karanga kwenye sinia. Truphena akaniomba niwe namwandikia mchezo unavyokwenda, kwa sababu huko hakuna wa kumsimulia. Nikaandika. Nikawaeleza habari za Nduta aliyeachwa nyumbani kijijini, na mumewe Gachanja aliye karani hapa Nairobi, na yule mwanamke Warigia aliyempata mjini.

Mpaka hapo niliandika ukweli mtupu, pamoja na maoni yangu, kwa sababu maoni ninayo siku zote. Niliwaambia kwamba mwandishi wa mchezo ule ni mvivu. Mama mkwe alikufa Jumatano moja, na Jumatano iliyofuata watu wanakunywa chai wanacheka, hakuna aliyetaja matanga. Gachanja alisimamishwa kazi mwezi mzima lakini koti lake lilikuja limepigwa pasi kila wiki, na hatukuonyeshwa aliyelipiga. Nduta alilia mno, mpaka nikasema machozi yale yangetosha kupikia. Mlicheka sana, Truphena aliniandikia, nami nilivimba kichwa kwa furaha.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa tano ilikuwa zamu ya Warigia kuonyeshwa. Alikuwa amesimama dirishani anamchana nywele mtoto wake, anamwimbia polepole. Hakufanya ubaya wowote siku hiyo. Lakini mimi nilikuwa nimeshamhukumu, nikasema kwa sauti ya kutawala chumba kwamba mwandishi angempa ugonjwa mbaya amalize kazi, kwa sababu mwanamke wa pili hana haya, anakalia kiti kilichopashwa joto na mwenzake. Nikageuka kuona nani anacheka. Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wanaiangalia sakafu, na wengine walimwangalia Adoyo kwa pembe ya jicho.

Adoyo ni mke wa pili, kina mama. Mke mkubwa yuko Siaya. Mimi nilijua. Nilijua miaka minne yote ya ujirani wetu, na siku hiyo nikasahau, nikiwa na kikombe cha chai yake mkononi. Alingoja mchezo uishe na watu wasimame. Ndipo aliposema taratibu, "Mama Peris, Jumatano ingine tafuta mahali. Hapa kwangu viti imejaa."

Wiki iliyofuata ningewaandikia nini? Kwamba dada mkubwa wa Nairobi amefukuzwa kwenye televisheni kwa sababu ya mdomo wake? Nilishindwa. Kuwauliza majirani nilishindwa pia, maana kila mmoja alikuwepo siku ile. Jumatano jioni nikakaa mezani na karatasi. Kupitia ukuta nikausikia muziki wa kufungua mchezo, sauti zikaanza, lakini maneno hayakusikika. Nikaandika kwamba mvua ilinyesha na barua ya Nduta ikapotea njiani. Jambo dogo tu, la kusogeza siku. Nikajiambia wiki ijayo nitakwenda kuomba radhi.

Sikwenda. Wiki ya pili nikabuni zaidi kidogo, ya tatu zaidi sana, na kufikia mwezi wa saba nilikuwa nautunga mchezo mzima mwenyewe, saa ile ile, wao upande ule wa ukuta wakitazama wa kweli.

Kwa hiyo sikilizeni. Warigia hakufa kwa homa. Mimi ndiye niliyemuua, kwa sentensi moja, kwa sababu sikujua nimpeleke wapi. Gachanja hakuota ndoto akiwa kanisani. Yule mchungaji mzee aliyemkemea hayupo, nilimtoa kichwani mwangu. Nduta hakukaa akiwasha taa dirishani kila jioni. Na ule usiku wa Gachanja kurudi nyumbani, akafungua sanduku, akaivaa sweta ya buluu ambayo Nduta alimfumia, akapiga magoti mlangoni, haukuwahi kuonyeshwa popote duniani. Mama Nabiswa, naambiwa ulipiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia. Nisamehe. Vigelegele vyako vilikwenda bure.

Nami niliyemcheka mwandishi kwa ajili ya koti lenye pasi, tazameni nilichofanya. Nilimbadilisha mwanamume mzima tabia kwa aya moja. Hakukuwa na sababu ya yeye kurudi isipokuwa mimi nilitaka arudi. Nduta nilimfanya gogo, kazi yake kungoja tu, na nikawaambia ninyi kwamba huo ndio uzuri wake. Angekuja mtu kwa Adoyo akatuonyesha mchezo wa namna hiyo, ningekuwa wa kwanza kuuliza kama aliyeutunga amewahi kuishi na watu.

Alhamisi nilipiga moyo konde nikamfuata Adoyo bombani. Alikuwa anafua. Sikujua nianzie wapi, nikasema nimekuja kuomba zamu ya kubeba betri.

"Leo ni ya Mama Wacera," akasema, hakuinua kichwa.

"Basi ya wiki ijayo."

"Wewe ulinitukana kwa nyumba yangu, na chai yangu iko kwa mkono yako."

Nikamwambia nilikuwa nasema Warigia, si yeye.

"Ulikuwa unasema Warigia ukiangalia tivii. Watu walikuwa wanaangalia mimi." Akaikamua shuka mpaka ikaisha maji. "Mimi sikuiba mtu, Mama Peris. Mama mkubwa alikuja kwetu yeye mwenyewe, akaniuliza kama nitakubali. Hiyo njugu mlikuwa mnakula hapa kila Jumatano, ni yeye hutuma. Mwanamke wa pili si shida. Shida ni mtu kudanganya wawili."

Nililia pale pale, mbele ya foleni ya ndoo, na sikujali. Adoyo hakunikumbatia wala hakunifukuza. Alinipa upande mmoja wa shuka tuikunje. Tulipomaliza nikamwuliza mchezo umefika wapi, akanitazama kama aliyesikia vibaya. Mchezo ulikwisha mwezi wa nane! Muziki nilisikia umebadilika, nikajidai ni ule ule. Wiki tatu nzima nimekuwa nikiwaletea habari za mchezo usiokuwepo.

Mwisho wake wa kweli alinisimulia Adoyo mwenyewe, na nauandika bila kuongeza chumvi. Nduta alichoka kungoja, akapanda gari akaja Nairobi, akapiga hodi. Warigia akafungua, mtoto mgongoni. Nduta hakupiga mtu wala hakutukana. Aliomba maji ya kunywa. Akanywa, akakirudisha kikombe, akasema, "Nimeona," akaondoka. Baada ya miezi kadhaa Gachanja akarudi kijijini na zawadi, akakuta nyumba haina paa. Nduta alikuwa ameng'oa mabati yake yote, yale aliyoezekewa na kikundi cha akina mama, akaenda kuezeka mahali pake mwenyewe karibu na soko. Gachanja alisimama ndani ya kuta anatazama mawingu, na mchezo ukaishia hapo.

Nilipoambiwa kwanza nilikasirika. Nilitaka angalau kofi moja. Nikasema mwandishi amemfanya Nduta kuwa na moyo mgumu, na kikombe cha maji si jibu la miaka sita ya kungoja. Lakini nimelala nacho siku tatu na sasa nina maoni mengine. Yule mwandishi niliyemwita mvivu alimheshimu Nduta kuliko mimi. Alimwacha aende akaone kwa macho yake.

Na mabati, kina mama, ninyi mnajua ni ya nani.

Nisalimieni watu wote wa nyumbani. Mpeni Kukhu mkono wangu, na mama mdogo, na Mwalimu Zedekiah, na Mama Nabiswa ambaye sijui kama ataupokea. Mungu azibariki nyumba zenu mlizoezeka na zile mnazozichangia bado, na awape moyo wa kunistahimili nitakapokuja Desemba, maana nitakuja, nami nitaketi mbele yenu mniseme.

Karatasi ya kwanza imeisha hapa. Truphena, usiendelee mbele za watu.


Mdogo wangu,

Kama kuna mtu karibu, ikunje, uende nayo nyuma ya nyumba.

Ile sweta ya buluu wewe uliitambua. Uliniandikia kwamba ulipofika kwenye sanduku la Gachanja ulinyamaza kusoma, kina mama wakakuuliza una nini, ukasema ni vumbi la jicho. Uliniandikia kwamba umejua dada yako anakupa ishara, kwamba Andati ameipokea sweta yako na moyo wake umegeuka, ila mimi naona haya kusema wazi mambo ya mume wa mtu. Ndiyo sababu ukamwambia Mwalimu Zedekiah hapana. Alitaka kuona kazi moja ya mikono yako, ukamjibu kwamba kazi yako nzuri iko Nairobi, imevaliwa na mwenyewe.



Mwezi wa sita uliponitumia ile sweta, niliipeleka siku ile ile. Nilikwenda Makongeni, kwenye chumba ulichokijua, nikaambiwa Andati alihama tangu Krismasi. Wakanielekeza mtaa wa Jericho. Nikapiga hodi. Akanifungulia mwanamke kijana, mtoto wa kama miezi mitano mkononi, na kwenye kamba nyuma yake nikaliona lile shati la mistari ulilomnunulia Andati sokoni Luanda. Alinisalimu kwa mikono miwili. Nilipojitambulisha kuwa shemeji, alifurahi. Akanipa kiti. Akanipa maji, Truphena, nami nikayanywa, nikakirudisha kikombe, nikasema asante.

Andati alifika akanikuta. Hakukana. Alinitoa nje akanishika mkono, akaniomba nisikwambie, kwamba atakuja kukwambia yeye mwenyewe mwezi wa nane akipata likizo. Nikakubali. Nilirudi Kaloleni na sweta yako chini ya kwapa, nikakuandikia kwamba ameipenda sana na inamkaa vizuri mabegani. Huo ndio uwongo mbaya kuliko yote niliyoandika mwaka huu, na haukuwa wa mchezo.

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Nilisema nakuhurumia. Nilisema mtoto wako mdogo alikuwa na surua wakati ule. Lakini ukweli ni kwamba nilijihurumia mimi. Mimi ndiye niliyekuonyesha Andati, siku ya harusi yangu, nikakwambia yule pale ni mtu wa kutulia. Nilikwenda kwa Kukhu kumsemea. Nyumba yako ikivunjika, imevunjika kwa mkono niliouonyeshea. Nikashindwa kuikiri aibu hiyo, na kwa kuwa tayari nilikuwa nautunga mchezo wa Jumatano, nikaona nimtengeneze Gachanja badala ya Andati. Gachanja alinitii. Kila Jumatano nilimsogeza hatua moja kuelekea nyumbani. Nikafika mahali nikaanza kuamini kwamba nikimrudisha Gachanja, na yule mwingine atafuata njia hiyo hiyo. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne.

Mwezi wa nane ulikuja ukapita. Andati hakuja kwako. Mimi nikaitia sweta kwenye sanduku la Gachanja.

Jana nilirudi Jericho, kwa sababu sikutaka tena kufanya kitu nyuma ya mtu. Nilimwambia Andati kwamba barua inakuja kwako na yote yamo. Aliniuliza kama singeweza kungoja Krismasi. Nikamwambia nimeshangoja vya kutosha kwa ajili yake, na aliyekuwa akingoja kwa kweli si mimi. Aliuliza kama watoto wanakwenda shule. Nikasema wanakwenda. Siongezi wala sipunguzi: hakuuliza kuhusu wewe. Ningeweza kukuandikia kwamba aliuliza. Sentensi hiyo nilikuwa nayo tayari, nzuri kabisa, ilinijia njiani nikirudi.

Yule mwanamke alikuwepo, akasikia. Naye alikuwa ameambiwa kwamba wewe ulirudi kwa wazazi wako zamani na mambo yakaisha. Alikaa chini na mtoto wake. Nikakumbuka nilivyotaka Warigia apewe ugonjwa mbaya. Ulikuwa mchezo wangu wa kuwahukumu watu kutoka kitini, na kila niliyemhukumu nilimkosea.

Sasa hili la Mwalimu Zedekiah. Mimi si mtu wa kukushauri, nimeipoteza nafasi hiyo. Lakini nikikaa kimya kabisa nitakuwa nakudanganya kwa njia nyingine, kwa hiyo nitasema mara moja kisha ninyamaze. Uliniambia wewe mwenyewe mwezi wa nne, kabla ya mambo haya yote, kwamba unapowafundisha wasichana wa kanisa kushika sindano unasahau njaa. Kukhu yuko tayari kukaa na watoto siku za kazi. Uliikataa kazi hiyo kwa sababu ya mtu aliyepiga magoti mlangoni, na mtu huyo nilimtunga mimi kwa kalamu ya wino wa shilingi mbili.

Kama unataka kuja kuona kwa macho yako, njoo. Kitanda cha Peris kiko wazi. Nitakupeleka mpaka mlangoni, nitasimama nyuma yako, na safari hii sitanywa maji ya mtu. Kama unataka kukaa nyumbani umngoje Andati hivyo hivyo, ukijua, hiyo pia ni haki yako na sitakucheka. Kama unataka kunikatia undugu, nitaumia, lakini nitaelewa. Mwisho wa hadithi hii sitauandika mimi. Nimeandika ya kutosha.

Usimwoneshe Kukhu karatasi hii mpaka uwe tayari. Akikuuliza kwa nini macho yamevimba, sema ni mimi nimekukosea, naye ataamini, ananijua. Mungu akukalie karibu wiki hii, mdogo wangu, zaidi ya nilivyokukalia mimi.

Ndani ya kifurushi, chini ya karatasi hizi, utaikuta sweta. Sikumwachia mtu. Nilikuwa nimeificha chini ya godoro miezi mitatu, kila nikitandika naigusa. Ile karatasi uliyoibana kifuani, yenye maandishi yako, "Kwa Baba Watoto", bado iko pale, ila pini imeanza kushika kutu na imeacha alama ndogo. Ukiisugua kwa ndimu itatoka. Jana usiku niliifungua mezani nikaitazama vizuri kwa mara ya kwanza, ile shingo, zile kamba zinazosokotana kifuani, mikono yote miwili sawasawa. Sijui ulijifunza wapi.

Mwambie Mwalimu Zedekiah kwamba kazi yako nzuri haiko Nairobi tena. Na haijavaliwa na mtu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuonea haya,
Lenah.